MTIHANI WA NGOMA NA MPIRA: NENO KWA WAZAZI WAFANYI KAZI

(Hotuba hii ilisomwa na Kamati ya Elimu ya tawi letu mbele ya mkutano wa wanachama. Tumeipiga chapa hapa kwa ajili ya wenzetu waliokuwa zamu siku ile na kwa wote waliotaka kuisoma tena nyumbani.)



Katika mkutano uliopita mwenzetu mmoja alisimama akasema hivi: "Nimelipa karo miaka yote hii, nimekunywa chai ya rangi ili mtoto asome. Leo anakuja kuniambia anataka kusomea ngoma na mpira, tena ati kuna mtihani wake. Je, chama kinasemaje?" Ukumbi mzima ulicheka, lakini yeye hakucheka. Sisi wa kamati pia tuliacha kucheka upesi, kwa maana tuliona kwamba swali lile ni la mshahara. Mfanyi kazi hana shamba kubwa la kumrithisha mtoto, wala duka. Urithi anaompa ni masomo. Akikosea kuchagua masomo, amepoteza urithi wote.

Basi tuliagizwa tulichungue jambo hili, na leo twaleta jibu.

Kwanza yafaa tujue jambo lenyewe. Wengi wetu tulisoma, au watoto wetu wakubwa walisoma, katika mpango wa 8-4-4 ulioanza 1985. Katika mpango ule muziki ulikuwa somo la sekondari lenye mtihani wake katika KCSE, lakini ni shule chache zilizoufundisha. Mazoezi ya mwili nayo yaliandikwa katika ratiba ya kila shule, ila hayakuwa na mtihani wa mwisho. Nasi sote twajua yaliyotokea. Kipindi kilipofika, mwalimu wa hesabu aliingia darasani na chaki yake, akasema, "Leo tunamalizia yale ya jana." Mpira ulibaki umefungiwa kabatini. Kitu kisichopimwa hakikuheshimiwa na mtu, wala mwalimu, wala mzazi.

Mpango mpya umebadili hayo. Mtihani wa mwisho wa KCPE ulifanywa 2023. Mwishoni mwa 2025 watoto wa Gredi ya 9 walifanya mtihani wa kwanza wa kumaliza sekondari ya chini, na kati ya masomo yao tisa lilikuwamo somo la Sanaa Bunifu na Michezo. Januari 2026 watoto hao wakaingia Gredi ya 10, yaani sekondari ya juu, ambako kuna njia tatu: moja ni ya sayansi, ufundi na hesabu, ya pili ni ya masomo ya jamii, na ya tatu ni ya sanaa na michezo. Katika njia hii ya tatu ndimo mlimo Muziki na Dansi, Sanaa ya Uchoraji na Uchongaji, Maigizo na Filamu, na Michezo na Burudani. Haya si ya kupitisha wakati jioni. Ni masomo ya kuchaguliwa, ya kufundishwa miaka mitatu, na ya kutahiniwa mwisho wa Gredi ya 12.

Hapa twaomba wazazi wasikie vizuri, kwa sababu maneno mengi ya uongo yanatembea mitaani. Mtoto anayefuata njia ya sanaa na michezo haachi Kiingereza, wala Kiswahili, wala hesabu. Hayo yabaki ya lazima kwa wote. Anachagua masomo matatu ya kuongeza, na kwa kufuata orodha ya michanganyiko iliyokubaliwa aweza kuweka somo la njia nyingine pamoja na yake, kama vile Baiolojia pamoja na Michezo. Kwa hiyo si kweli kwamba mtoto ametupwa uwanjani akimbie tu mpaka jioni.

Sasa tuje kwenye swali linalochekesha watu: ngoma hutahiniwaje? Mpira hupewaje maksi?

Ndugu wanachama, sisi wafanyi kazi ndio tusiofaa kuuliza swali hilo. Wangapi humu ndani wamefanya mtihani wa ufundi, ule wa gredi ya tatu, ya pili na ya kwanza? Mliitwa, mkapewa mbao au chuma au waya, mkaambiwa, "Fanya." Mtahini alisimama nyuma akaangalia mkono wako, akapima kazi kwa futi na kwa jicho. Kisha akakuuliza maswali: kwa nini umetumia waya huu na si ule? Hakuna aliyesema mtihani ule ni mchezo. Tena mnajua tofauti iliyokuwako kati ya fundi mwenye cheti na fundi asiye nacho. Kazi yao ilikuwa moja, jasho lao moja, lakini mishahara ilikuwa miwili. Mtihani wa muziki na wa michezo ni ndugu wa mtihani ule. Sehemu yake ni ya mkono na mwili, na sehemu yake ni ya kichwa.

Tuchukue muziki wa KCSE. Mtoto hutahiniwa kwa sehemu tatu: kwa vitendo, kwa kusikiliza, na kwa maandishi. Katika vitendo huimba au hupiga ala mbele ya mtahini. Katika kusikiliza hupigiwa sauti, naye yampasa aandike alichosikia: mapigo, mwendo, sauti iliyopanda na iliyoshuka. Mwenye kufikiri kwamba hilo ni jepesi na ajaribu. Katika maandishi huulizwa kanuni za muziki, historia yake, na ala za watu wetu: nyatiti ya Wajaluo yenye nyuzi nane, obokano ya Wakisii, isukuti ya Waisukha na Waidakho, wandindi ya Wakikuyu, kayamba ya Wamijikenda. Huyu mtoto anatakiwa ajue muziki wa Ulaya na pia muziki wa nyanya yake. Twasema wazi, katika masomo mengi ya shule nyanya hana nafasi, lakini katika somo hili anayo.

Mwaka 1963, nchi yetu ilipokaribia Uhuru, ilihitajiwa wimbo wa taifa. Waliteuliwa watu watano waliojua muziki: Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi. Sauti waliyoichukua haikutoka Ulaya. Ilikuwa ya Wapokomo wa Mto Tana, sauti ambayo mama humbembelezea mtoto alale. Sasa angalieni mambo mawili yaliyokutana hapo. Mali ilikuwa ya mama wa Kipokomo. Lakini ili mali ile ipigwe na bendi nzima na kuimbwa na nchi nzima kwa pamoja, ilihitaji watu waliojua kuandika sauti katika karatasi na kuzipanga. Ujuzi ule ndio unaofundishwa na kutahiniwa katika somo la muziki. Asiye na ujuzi huo ataimba vizuri sana, kisha mwingine ataiandika sauti yake na kuiuza. Sisi wa chama twaujua mchezo huo: mmoja hufanya kazi, mwingine hushika kalamu.

Tuje kwenye michezo. Kuna wanaosema, "Kipchoge Keino alifanya mtihani gani wa kukimbia?" Ni kweli, hakufanya. Mwaka 1968 kule Mexico, Naftali Temu, askari wa jeshi, alishinda mbio za mita 10,000 akaipatia Kenya dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki, na Keino, aliyekuwa polisi, akashinda mita 1,500. Hata yule mwalimu wa mbio anayesifiwa kule Iten, Brother Colm O'Connell, alikuja 1976 katika shule ya St Patrick's kufundisha jiografia. Mmoja wa vijana aliowafundisha kukimbia ni David Rudisha, aliyekimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91 kule London mwaka 2012. Dhahabu hizi zote hazikutoka katika chumba cha mtihani.

Lakini hoja hiyo yasahau watu wengi. Kwa kila Keino mmoja kuna maelfu waliokimbia wasifike Olimpiki. Je, hao wamebaki na nini? Hapa twataka kuwaeleza habari ya mwenzetu mmoja, ambaye ameturuhusu tuiseme bila kutaja jina lake. Alipokuwa kijana aliandikwa kazi na kampuni moja kwa sababu ya mguu wake wa kushoto. Kampuni ilikuwa na timu ya mpira, naye alifunga mabao. Kwenye karatasi aliitwa karani msaidizi, lakini kalamu hakuijua. Miaka sita alipigiwa makofi. Mwaka wa saba goti lilivunjika katika mechi. Alipotoka hospitali, meza yake ya ukarani ilikuwa na mtu mwingine, na yeye akapelekwa langoni awe bawabu wa usiku. Hata leo anachechemea. Alituambia hivi: "Nilijua kupiga mpira, lakini sikujua goti ni kitu gani. Hakuna aliyenifundisha kupasha mwili moto, wala kulipumzisha goti lilipoanza kuuma. Na mpira ulipokwisha, sikuwa na cheti cha kufundisha hata watoto."

Hiyo ndiyo sababu ya kuyafanya michezo kuwa somo. Mguu una umri wake, na ujuzi nao una umri wake ambao ni mrefu zaidi. Mwanafunzi wa michezo anajifunza moyo na mapafu, mifupa na misuli, namna ya kumhudumia aliyeumia, sheria za mchezo, namna ya kuwa mwamuzi na namna ya kufundisha wengine. Majirani zetu wa Tanzania hutahini elimu ya michezo katika mtihani wa Kidato cha Nne. Huko Uingereza, mtihani wa GCSE wa elimu ya michezo unaotumika tangu 2016 hutoa asilimia 60 ya maksi kwa maandishi, asilimia 30 kwa kucheza michezo mitatu, na asilimia 10 kwa kuchambua na kueleza uchezaji. Katika maksi mia, zaidi ya nusu ni za kichwa. Mwenye kufikiri kwamba somo hili ni la mtoto mjinga, basi na atazame hesabu hiyo.

Ndugu wanachama, mpaka hapa tumesifu. Sasa twageuka, kwa sababu chama si cha kusifu tu.

Mtihani wa hesabu wataka kitabu, kalamu na mwalimu. Mtihani wa muziki wataka hayo yote, pamoja na ala. Mtihani wa michezo wataka hayo yote, pamoja na uwanja. Na hapa ndipo mtoto wa mfanyi kazi anapoachwa. Shule zote za sekondari ya juu zatakiwa ziwe na njia ya sayansi, lakini si zote zilizo na njia ya sanaa na michezo. Shule ya kutwa iliyo karibu na nyumba zetu yaweza kuwa haina. Aliye na fedha atampeleka mtoto wake shule ya bweni ya mbali yenye piano na uwanja wa nyasi. Asiye na fedha ataambiwa, "Njia iko wazi," lakini akifika mlangoni ataukuta umefungwa kwa nauli na karo.

Binti wa mwanachama wetu mmoja alisoma muziki katika shule ambayo hatutaitaja. Alichaguliwa kwa sauti yake. Shule ilikuwa na kinanda kimoja, na vibao vyake vitano havikulia. Filimbi kila mtoto aliambiwa ajinunulie. Baba yake alingoja mwisho wa mwezi, kisha mwezi mwingine, na filimbi ilipopatikana mwaka ulikuwa umekwisha. Binti alijifunza kwa kuweka vidole juu ya kijiti cha mwanzi alichotoboa mwenyewe, bila sauti, akihesabu mapigo kichwani usiku wenzake wamelala. Alifaulu. Twampongeza kwa moyo wote. Lakini twauliza: wangapi walioshindwa kwa sababu hiyo hiyo, na kwenye cheti chao hakuna mahali palipoandikwa "alikosa filimbi"? Kumtahini mtoto kwa ala ambayo hakupewa ni kama kumpa fundi mtihani wa kuchomelea bila mtambo wa kuchomelea, kisha kusema fundi huyu ni mbovu. Mtihani wa namna hiyo haupimi mtoto, wapima mfuko wa baba yake.

Na uwanja je? Hamjasahau tarehe 19 Januari 2015, siku watoto wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road, Nairobi, walipokuta uwanja wao umezungushiwa ukuta. Watoto wa shule, wakiwa katika sare zao, walisukuma ukuta ule, na polisi wakawarushia gesi ya kutoa machozi. Uwanja ulirudishwa kwa shule, lakini ulirudishwa kwa sababu watu walipiga kelele. Watoto wale hawakuwa wakidai mchezo tu. Leo twaweza kusema walikuwa wakidai darasa lao, maana penye mtihani wa michezo, uwanja ni darasa. Anayenyakua uwanja wa shule ni sawa na anayebomoa maabara.

Kwa hiyo, baada ya kufikiri sana, kamati yaleta mashauri haya mbele yenu:

1. Mzazi asimkataze mtoto njia ya sanaa na michezo kwa sababu ya aibu. Wala asimsukume huko kwa sababu ameshindwa hesabu. Njia hii si jalala la kutupia watoto. Amtazame mtoto: je, anafanya mazoezi hata asipotumwa? Anarudia wimbo mpaka uwe sawa? Anaamka kabla ya jogoo kukimbia? Huyo ana mwito.

2. Kabla ya kuchagua, mzazi aende shuleni mwenyewe, na akiwa zamu amtume mama au ndugu. Aulize maswali manne: Yuko mwalimu aliyesomea somo hili? Ziko ala ngapi kwa watoto wangapi? Uwanja ni wa shule, na una hati? Watoto hufanya vitendo mara ngapi kwa wiki? Mkuu wa shule akijibu kwa maneno matamu bila kuonyesha kitu, mzazi ashike njia aende shule nyingine.

3. Mtoto wa michezo ashauriwe kuongeza Baiolojia kama orodha yamruhusu, na mtoto wa muziki asiidharau hesabu. Mguu waweza kuvunjika na sauti yaweza kukatika. Asiwe na fimbo moja tu ya kutembelea.

4. Tawi lianzishe sanduku la ala. Hatusemi tununue piano. Twasema filimbi, kayamba na ngoma, ziazimwe kwa watoto wa wanachama kwa kutia sahihi katika daftari, kama tunavyoazimana vyombo wakati wa msiba. Tena tunao humu wazee wanaojua kupiga nyatiti na ngoma za kwao, wanaokaa bure Jumapili. Wazee hao ni walimu. Tuwaombe, na tuwape chai na nauli, kwa maana sisi wa chama hatuwezi kumtumikisha mtu bure.

5. Chama kipeleke madai kwa Serikali kwa maandishi: kwamba kila wilaya ndogo iwe na angalau shule moja ya kutwa yenye njia ya sanaa na michezo, kwamba walimu wa masomo haya waandikwe kwa mkataba wa kudumu, kwamba ala za mtihani zitoke Serikalini, si mfukoni mwa mzazi, na kwamba kila uwanja wa shule uwe na hati yake. Wanafunzi wa kwanza wa mpango huu watakaa mtihani wa Gredi ya 12 mwaka 2028. Si mbali. Tukinyamaza sasa, mwaka ule tutakuja hapa kulia.

Twamalizia kwa kumjibu mwenzetu aliyesimama mkutano uliopita. Ndugu yetu, umeuliza chama kinasemaje. Chama chasema hivi: mtoto wako hakukutukana. Hakusema anataka kucheza. Alisema anataka kufundishwa na kupimwa, kama wewe ulivyofundishwa na kupimwa siku ile ulipopewa chuma na tupa mkononi. Ile chai ya rangi haikumwagika bure. Lakini usimwachie safari hii peke yake, na usiibebe peke yako. Nenda shuleni uulize yale maswali manne. Ukikuta shule ina mwalimu, ala na uwanja, mwandike. Ukikuta haina, usirudi nyumbani kumgombeza mtoto. Njoo hapa tawini utuambie jina la shule, tuandike barua pamoja.

Sanduku la ala liko mlangoni, na limekwisha kuanza: lina kayamba moja iliyoletwa na mama mmoja wa hapa. Mwenye chochote na atie.

Umoja ni nguvu.

Kamati ya Elimu ya Tawi